Kabla ya Kuhesabu Mabango

Hotuba iliyotolewa mbele ya wakuu wa idara na wajumbe wa kamati ya utafiti. Imehaririwa kidogo kwa ajili ya wasomaji.

Ndugu Mwenyekiti, wakuu wa ndaki, wahadhiri wenzangu, na ninyi wanafunzi wa uzamivu mliojibanza kule nyuma karibu na mlango kana kwamba mmeingia kwa makosa: wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kwenye ajenda limeandikwa kwa maneno marefu kidogo: kupima tija ya utafiti wa taasisi kwa kuangalia ushiriki wake katika mikutano ya kitaaluma ya saikolojia. Kwa ufupi, mnataka kujua hivi: tukihesabu nani kapeleka mawasilisho mangapi mkutanoni, tutajua idara ipi inachapa kazi na ipi imelala? Jibu langu nalitoa mapema, ili mwenye haraka aondoke bila lawama. Hesabu hiyo inajibu swali moja vizuri sana. Bahati mbaya si hilo mnaloniuliza.

Miaka kadhaa iliyopita niliwekwa kwenye kamati ya watu watatu. Tulikabidhiwa vijitabu vya ratiba vya mkutano mmoja mkubwa wa saikolojia, vya miaka mitano mfululizo, tukaambiwa tuhesabu kila taasisi imetokea mara ngapi. Nikajiambia hii ni kazi ya mwisho wa juma mmoja. Ilituchukua wiki saba.

Siku ya kwanza tu tuligundua kwamba chuo kimoja kimeandikwa kwa namna tatu: kwa jina kamili, kwa kifupisho, na kwa jina la hospitali yake ya kufundishia. Je, hivyo ni vyuo vitatu? Kulikuwa na mhadhiri aliyetuma ikisiri, yaani muhtasari mfupi wa utafiti wa kuombea nafasi mkutanoni, akiwa chuo hiki, na mkutano ulipofika, miezi sita baadaye, alikuwa ameshahamia chuo kile. Bango lake, ile karatasi kubwa ya utafiti inayobandikwa ukumbini mwenyewe akisimama kando yake, ni la nani? Mtafiti mwingine aliandikwa kwa herufi za mwanzo za majina yake mwaka mmoja, na kwa majina kamili mwaka uliofuata. Tukamhesabu kama watu wawili, hali ambayo sisi wanasaikolojia tuna jina la kitabibu la kuiita. Kisha wakaja wenyeviti wa vikao na wachangiaji, watu waliosimama jukwaani bila kuwasilisha utafiti wowote wao wenyewe. Tuwape alama? Mmoja wetu alisema wapewe, kwa sababu hawaalikwi bure. Mwingine alisema kuendesha kikao si kutafiti. Mimi nilikuwa upande wa huyo wa pili, na bado niko huko.

Usiku wa tatu jedwali likaanza kupendeza. Ndipo mwenzetu mmoja akauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa kabla hatujafungua kijitabu cha kwanza: bango lenye waandishi wanne ni bango moja, au ni watu wanne?

Tukatazamana.

Naomba nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo hesabu nzima inapozaliwa. Chukueni idara tatu za kubuni. Idara A imepeleka bango moja, lina waandishi wanne, wote wa A. Idara B imepeleka bango moja la mwandishi mmoja. Idara C ina mtu mmoja tu aliyeshiriki, lakini jina lake limo kwenye mabango manne ya watu wa vyuo vingine, na kila mahali yeye ni wa nne kati ya wanne.

Tukihesabu majina, A ina 4, B ina 1, C ina 4. Tukihesabu mabango ambayo idara inaonekana, A ina 1, B ina 1, C ina 4. Tukigawa kila bango sawasawa kwa waandishi wake, kila idara inapata 1, wote ndugu. Na tukigawa kwa kuzingatia nafasi ya mwandishi, kwa kanuni nitakayoieleza sasa hivi, A inapata 1, B inapata 1, na C haifiki hata nusu. Idara C imeanza kileleni ikamalizia mkiani, na hakuna aliyegusa bango lolote. Kilichobadilika ni kanuni, na kanuni ya kutumia tuliichagua sisi, watu watatu, usiku, tukiwa tumechoka.

Kanuni ya nafasi niliyoitaja ilitolewa na Howard, Cole na Maxwell mwaka 1987 katika jarida la American Psychologist, walipokuwa wakivipanga vyuo kwa machapisho yake kwenye majarida ya Chama cha Saikolojia cha Marekani. Ni rahisi kuliko inavyotisha. Mwandishi wa mwisho anapewa 1. Anayemtangulia anapewa 1.5, anayemtangulia huyo, 1.5 mara 1.5, unapanda hivyo mpaka wa kwanza, kisha unagawanya sehemu ya kila mmoja kwa jumla ya zote. Waandishi wawili wanapata 0.60 na 0.40. Watatu wanapata 0.47, 0.32 na 0.21. Wanne wanapata 0.42, 0.28, 0.18 na 0.12. Faida yake ni kwamba bango moja linabaki bango moja: huwezi kulinenepesha kwa kuongeza majina. Kasoro yake ni kwamba inaamini mpangilio wa majina unasema kweli. Katika maabara nyingi zilizoegemea sayansi ya ubongo, mkuu wa maabara hujiweka mwisho kwa heshima, na kanuni hii inamlipa 0.12 kwa heshima hiyo. Na timu iliyopanga majina kwa alfabeti ndiyo basi tena. Ole wake anayeanzia na Z.

Msidhani kuvipanga vyuo ni mchezo wa jana. Mwaka 1906 James McKeen Cattell, mwanasaikolojia, alitoa kitabu cha orodha ya wanasayansi wa Marekani, akawatia nyota kama 1,000 walioonwa na wanasayansi wenzao kuwa wameongoza, kisha akahesabu nyota hizo zimeangukia vyuo gani. Kwa hiyo mnapolalamika kwamba watu wa takwimu wamewaletea balaa hili, kumbukeni limetoka ukoo wetu wenyewe. Baadaye nyota zikapisha makala: mwaka 1977 Cox na Catt walivipanga vyuo kwa makala zilizochapishwa katika majarida ya chama hichohicho cha Marekani, na wengi wakafuata nyayo.

Mikutano ilichelewa kuingia kwenye hesabu hizi, na waliofanya bidii zaidi kuiingiza ni watu wa saikolojia ya kazi na mashirika. Chama chao cha Marekani, kiitwacho kwa kifupisho SIOP, kilifanya mkutano wake wa kwanza wa peke yake Chicago mwaka 1986. Kabla ya hapo walikutana ndani ya mkutano mkubwa wa chama mama, yaani kile Chama cha Saikolojia cha Marekani. Mwaka 2001 jarida la chama hicho lilichapisha hesabu ya taasisi zilizoonekana kwenye ratiba za mikutano yake tangu 1986 hadi 2000. Miaka kumi na mitano ya vijitabu! Mimi niliyeugua kwa mitano nawavulia kofia. Na kabla ya hapo, mwaka 1989, jarida hilohilo lilikuwa limetoa hesabu ya aina nyingine, iliyopanga programu za uzamili na uzamivu kwa mawasilisho ya utafiti ya wanafunzi wake. Hiyo ya wanafunzi naomba muikumbuke, nitairudia.

Kwa nini hao na si wengine? Kwa sababu wengi katika taaluma hiyo wameajiriwa kwenye kampuni, serikalini na kwenye ofisi za ushauri, si vyuoni. Wanafanya utafiti, tena wenye data ambazo chuo hakiwezi kuzipata, ila hawana mwajiri anayewadai makala. Ukihesabu majarida peke yake, watu hao hawapo duniani. Mkutanoni wapo, na wana jopo zima. Isitoshe makala inaweza kuzunguka miaka miwili au mitatu kati ya wahakiki na wahariri kabla haijatoka, ilhali ikisiri inatumwa mwaka huu na kuwasilishwa mwaka huu au ujao. Anayetaka kujua idara inafanya nini sasa, ratiba ya mkutano itamwambia mapema kuliko majarida.

Hayo ndiyo mazuri, na nimeyasema kwa moyo mweupe. Sasa tugeuze upande wa pili.

Ikisiri hupimwa kwa mizani nyepesi. Mhakiki anasoma maneno mia chache, haoni data, mara nyingine matokeo yenyewe hayajapatikana na yameahidiwa tu. Katika utafiti wa afya, ambako jambo hili limefuatiliwa kwa subira kubwa, mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, yalikusanya ikisiri zaidi ya 300,000 za mikutano na kukuta kwamba karibu 37 kwa kila 100 ndizo zilizokuja kuchapishwa kamili. Zilizobaki ziliishia wapi? Baadhi zilikuwa dhaifu. Baadhi waandishi wake walichoka, wakahama, wakapata kazi nyingine. Siwaambii kwamba saikolojia ina kiwango hichohicho. Nawaambia kwamba wasilisho ni mwanzo wa safari, na anayehesabu wanaoanza asijigambe kwamba amehesabu waliofika.

Halafu kuna mlango. Mkutano wa Kimataifa wa Saikolojia ulianza Paris mwaka 1889. Mara ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika ilikuwa mwaka 2012, Cape Town. Hesabuni wenyewe: miaka 123. Mtu akiketi na vijitabu vya mkutano huo vya karne nzima, akavipanga vyuo vya dunia kwa ushiriki, atakuwa amepima nini? Atakuwa amepima nauli, ada ya usajili, foleni ya viza, na umbali kutoka mji mwenyeji. Akili itakuwemo pia, sikatai, lakini itakuwa imefunikwa na hayo mengine kiasi kwamba hutaiona. Hata ndani ya nchi moja jambo hilo lipo: chuo kilichoko mji uleule wa mkutano kitapeleka wanafunzi kwa basi, na cha mbali kitawachagua wawili. Na mwaka 2020 janga la korona lilipofunga kumbi, mikutano ikahamia mtandaoni au ikaahirishwa. Mwenye kuchora grafu ya ushiriki atakuta bonde mwaka ule, na asipokuwa makini ataandika ripoti kwamba watu waliacha kufikiri.

Jina la chuo nalo lina mkono wake mlangoni. Mnaufahamu utafiti wa Peters na Ceci wa mwaka 1982. Walichukua makala 12 zilizokwisha kuchapishwa na watu wa idara zenye sifa, wakabadilisha majina ya waandishi, wakaweka taasisi za kubuni zisizojulikana, wakazirudisha kwenye majarida yaleyale ya saikolojia yaliyozichapisha. Tatu ziligunduliwa. Kati ya tisa zilizopita bila kugunduliwa, nane zilikataliwa. Kwa hiyo kabla ya kuamini orodha yoyote ya mkutano, ulizeni: wahakiki wa ikisiri waliona majina au yalifichwa? Yakiwa wazi, orodha yenu inavipa sifa vyuo ambavyo tayari viliingia kwa sifa. Mnapima mwangwi.

Na idara kubwa dhidi ya ndogo? Hilo halihitaji maneno mengi. Gawanyeni kwa idadi ya watu, au msitoe orodha kabisa.

Kuna jambo moja ambalo linanikera zaidi ya hayo yote, na Mwenyekiti atanivumilia. Donald Campbell, mwanasaikolojia wa jamii, alionya miaka ya 1970 kwamba kadiri kipimo cha nambari kinavyotumika kufanyia maamuzi, ndivyo kinavyoharibiwa na kuharibu hata jambo kilichowekwa kulipima. Niliona hilo kwa macho yangu. Idara moja, sitaitaja, iliamua kwamba kila wasilisho la mkutano lina alama katika upandishaji vyeo, na alama ni ileile kwa kila mwandishi. Mwaka wa kwanza mabango yake yalikuwa na waandishi watatu watatu. Mwaka wa tatu nilisimama mbele ya bango la idara hiyo lenye majina saba, na aliyekuwa amesimama kando yake, ambaye jina lake lilikuwa la tano, alinieleza kwa unyenyekevu kwamba uchambuzi aliufanya "mwenzake" na yeye hawezi kujibu swali la sampuli. Dodoso lilikuwa moja. Kutoka dodoso hilo yalizaliwa mabango manne: moja la msongo wa mawazo kwa wanaume, moja la msongo kwa wanawake, moja la usingizi, na la nne sikumbuki, nadhani lilikuwa la umri. Kwenye jedwali la ofisi tija ilikuwa imepanda zaidi ya mara nne. Utafiti ulikuwa uleule mmoja.

Hakuna aliyeiba. Kila mmoja alifuata mwongozo.

Sasa niwarudishe kwa wanafunzi, kama nilivyoahidi.

Kwenye mkutano ule tuliouhesabu, mimi pia nilikuwa nimehudhuria miaka miwili kati ya hiyo mitano. Jioni moja, kikao cha mwisho cha mabango, ukumbi umeshaanza kupungua, nilimkuta msichana wa uzamili amesimama peke yake. Kona ya juu ya bango lake ilikuwa imeachia gundi na kujikunja, naye alikuwa ameishikilia kwa kidole, bila shaka kwa muda mrefu, maana mkono wa pili ulikuwa unausaidia wa kwanza. Jina lake lilikuwa la tatu kati ya matatu. Alikuja mzee mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akasoma bango zima polepole bila kusema neno, kisha akauliza: "Walioanza walikuwa mia mbili na kumi. Kwenye jedwali naona mia moja na themanini na tatu. Wale ishirini na saba uliwaondoa kwa nini?" Msichana akafungua kinywa, akafunga. Akasema, "Hawakumaliza dodoso." Mzee akauliza, "Waliacha ukurasa upi?" Hakujua. Mzee hakumdharau, alichomoa kalamu akamwandikia anwani yake nyuma ya kijitabu, akamwambia akijua amwandikie. Asubuhi yake nilimwona msichana yuleyule kwenye ngazi za hoteli, kompyuta mapajani, anahesabu kurasa.

Katika jedwali letu, tulipofika kwenye bango lile, idara yake ilipata 0.21 kwa ajili yake. Niliiandika mimi mwenyewe. Na nilipoiandika nikajua kwamba jedwali limeshika ncha ya kitu cha kweli, ila tulikuwa tunalisoma vibaya. Bango lile, kama utafiti, lilikuwa la kawaida tu. Kilichotokea pale ni kwamba mtu alikuwa anafundwa. Idara fulani ilikuwa imeamua kumpeleka mwanafunzi wa uzamili mahali ambapo mgeni atamuuliza wale ishirini na saba wamekwenda wapi, badala ya kumfungia ndani hadi awe daktari. Hicho ndicho ushiriki wa mikutano unachokipima vizuri: idara inawatoa wanafunzi wake nje au inawaficha? Kwa swali hilo, ratiba ya mkutano ni shahidi bora kuliko jarida lolote, kwa sababu makala ya jarida haikuonyeshi nani alisimama akaulizwa.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa kamati ni hili. Acheni jumla kuu. Jengeni jedwali lenye safu zinazosimama kila moja peke yake, wala zisijumlishwe kamwe. Safu moja iseme kati ya wanafunzi waliomaliza mwaka huo wangapi waliwahi kuwasilisha angalau mara moja, na wangapi walikuwa waandishi wa kwanza. Nyingine ifuatilie mawasilisho ya miaka mitatu iliyopita: yapi yamekuwa makala, ripoti au data iliyowekwa wazi, na yapi yameachwa, kwa sababu gani. Hiyo ya pili itawauma wengi, mimi nikiwa mmojawapo. Nina mawasilisho yaliyolala kwenye kompyuta tangu baadhi yenu mko sekondari. Andikeni pia nani aligharamia safari, na ni wangapi ikisiri zao zilikubaliwa wakashindwa kwenda. Kanuni ya kugawa waandishi ichapwe juu ya jedwali, mstari wa kwanza kabisa, kwa maandishi makubwa kuliko jina la chuo.

Na cheo cha mtu kisiguswe na jedwali hili. Likiguswa na cheo mara moja tu, mwaka unaofuata mtaona majina saba.

Ndugu Mwenyekiti, naona katibu ananionyesha saa. Rasimu ya jedwali nimemwachia nakala za kutosha, moja kwa kila idara. Safu ya wanafunzi nimeiacha wazi kwa makusudi, kwa sababu majina yao hayamo kwenye mafaili ya kamati. Yamo vichwani mwa wasimamizi wao. Wapo hapa. Wale kule nyuma karibu na mlango mnaweza kuanza kujiorodhesha wenyewe, kalamu zipo mezani.